Picha Haina Mgongo

Binti mmoja anayejifunza ushonaji hapa Matogoro alinijia na swali. Amedunduliza muda mrefu, sasa ana kiasi kinachotosha kitu kimoja, na ameshindwa kuamua: anunue mashine ya ovaloki au anunue kishikwambi? Aliniamkia, akakaa, akasema ameniuliza mimi kwa sababu "Bibi umetumia vyote."

Nilimwambia anunue ovaloki. Ovaloki hufunga nyuzi za kitambaa zisichomoke. Kishikwambi hakifungi kitu. Alishukuru akaenda zake. Nilimtazama mgongo alipokuwa anashuka kuelekea barabarani, kama ninavyomtazama kila mtu anayeondoka kwangu, nikaona jibu nililompa lilikuwa sahihi ila fupi, kama sketi iliyokatwa na mtu mwenye haraka. Basi nalirefusha hapa. Ni lake, na ni lenu nyote mnaokaa nyuma ya cherehani siku hizi na simu mmeiegemeza kwenye pasi.

Mimi nilishona maisha yangu yote ya kazi katika baraza la duka, jirani na soko hapa Songea. Shule niliiachia darasa la sita, si kwa utundu wala kwa kushindwa hesabu. Baba alitangulia, mama akafuata, nyumba ikabaki na mimi, mdogo wangu Otmari, na kitinda mimba wetu Osmunda, ambaye bado alikuwa wa kubebwa. Shangazi yetu wa Maposeni alikuja na wazo la kutugawa: mmoja kwake, mmoja kwa mjomba, mmoja kwa masista. Ningependa kuwaambia kwamba nilimjibu kwa maneno mazito, kwamba tukigawanywa tutakuwa vipande, na vipande vya kitambaa mnajua vinakoishia, kufutia mafuta ya mashine. Lakini maneno hayo niliyapata miaka mingi baadaye. Siku ile nilisema "Hapana," nikaendelea kumenya mihogo. Shangazi alisubiri niongeze neno. Sikuongeza. Akala mihogo, akarudi Maposeni.

Nilipokwenda kuomba kazi kwa Fundi Salum, Osmunda alikuwa mgongoni. Fundi Salum alikuwa Myao wa Tunduru, mtu mwembamba mwenye kofia safi na futi ya kupimia shingoni, ambayo nadhani alilala nayo.

"Unajua kushona?" aliniuliza.

"Hapana. Shikamoo."

"Marahaba. Unajua kunyamaza?"

"Ndiyo."

"Basi nusu ya kazi unaijua. Huyo mtoto mweke chini ya meza, atatukusanyia pini."

Ndivyo Osmunda alivyokulia chini ya meza ya kukatia. Alijifunza rangi kwa vipande vya vitenge vilivyoanguka, na alipoanza shule aliandikia huko huko, kwa chaki ya fundi. Nawaeleza hili kwa sababu mtoto aliye chini ya meza husikia kila kitu, na mbele litanihusu.

Fundi Salum alinifundisha mengi, ila mawili ndiyo yaliyonilisha.

La kwanza ni akiba. Kila nguo aliacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, upana wa vidole viwili kila upande, kimekunjwa na kulazwa kwa pasi. Wateja walimshuku kwamba anawaibia kitambaa, kumbe chote walikuwa wamekivaa. "Mwili ni mgeni, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Leo yupo, kesho kaongezeka, keshokutwa kapungua. Mgeni humjengei ukuta. Unamwekea nafasi."

La pili ni la mvua. Mtu akisimama mbele ya futi hubadilika. Mwanamume hujaza kifua, mwanamke huvuta tumbo ndani. Ukikata kwa vipimo hivyo, umemshonea mtu ambaye hayupo. Kwa hiyo Fundi Salum alipima, akaandika, halafu akasema kwa sauti ya mtu mwenye wasiwasi na mizigo yake: "Hebu nichungulie hapo mlangoni, mvua inakuja?" Mteja hukubali, anageuka, anatembea kwenda mlangoni, na kwa kuwa anafikiria mawingu anausahau mwili wake. Unashuka, unalegea, unakaa kama unavyokaa nyumbani. Fundi anamtazama mgongoni, mabegani, kiunoni, anasahihisha vipimo. Mteja anarudi: "Hakuna mvua, fundi." "Alhamdulillahi," anajibu. Aliuliza hivyo hata kiangazi, miezi ambayo Songea nzima haioni tone, na sikumwona mteja hata mmoja aliyeshangaa. Mtu akiombwa kuangalia mvua huangalia mvua.

Nami niliuliza hivyo miaka yote, mpaka magoti yakakataa kanyagio la cherehani na macho yakakataa tundu la sindano. Nikastaafu. Hapo ndipo kishikwambi kilipoingia.

Kilitoka kwa Osmunda. Yule wa chini ya meza alisoma, akawa mwalimu, na serikali kwa hekima yake ikampeleka Tunduru, kwao Fundi Salum, ambaye wakati huo alikuwa ameshazikwa huko huko. Osmunda alikituma kwa basi, kimefungwa ndani ya fulana tatu na mfuko wa korosho. Korosho tulizielewa mara moja.

Otmari, ambaye anakaa nyumba ya pili na ni fundi wa baiskeli, alikigeuzageuza. "Dada," alisema, "hii ni simu iliyokosa mfuko."

Kwa miezi ya mwanzo nilikubaliana naye. Kishikwambi kilikuwa na kazi moja kwangu: kukandamiza karatasi za ramani za nguo zisipeperuke. Kazi hiyo kiliifanya vizuri, ingawa kabla yake ilifanywa na jiwe, na jiwe halihitaji chaji. Kilikula bando kama mbuzi aliyefungukia shambani. Siku moja kilinipigia kengele kunijulisha kwamba Songea kuna mvua. Nilikisoma nikiwa nimeshika ndoo chini ya bati linalovuja.

Siwezi kusema kwamba hakikufaa kabisa. Kilipanua picha. Alikuja mama mmoja mtumishi, mgeni aliyehamishiwa hapa kutoka Kanda ya Ziwa, akaniletea picha ya gauni alilotaka kuvaa kwenye kipaimara cha mwanawe. Nilikuwa nimestaafu, lakini fundi hastaafu mbele ya mtu anayejua nyumbani kwake. Tuliihamishia picha kwenye kishikwambi, nikaipanua kwa vidole mpaka nikaona nyuzi moja moja. Nikajiambia, hapa Fundi Salum angetoa sadaka. Nilikata kama nilivyoona. Vipimo vya mama nilikuwa navyo, na vilisema kitu kingine, lakini picha ilikuwa kubwa na ina mwanga, nikaiamini picha.

Mama alivaa, akasimama mbele ya kioo. Mbele lilikuwa lile lile la kwenye picha.

"Limenipendeza," alisema. "Ila siwezi kupumua."

"Na yule wa kwenye picha hapumui," nilimwambia, kwa sababu ndiyo sentensi pekee niliyokuwa nayo.

"Mama, mimi nitakaa kanisani misa nzima."

Nilifungua mishono, akiba ikamwokoa, na kipaimara kikapita. Baadaye nilipekua kwenye kile kishikwambi nikakuta picha nyingine ya yule mrembo, amepigwa kwa upande. Nyuma ya gauni lake kulikuwa na vibanio vya kuanikia nguo, vimepangwa kutoka shingoni mpaka kiunoni, kama ndege kwenye waya wa umeme. Gauni halikuwa limemkaa. Lilikuwa limebanwa. Otmari alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi niliandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati: PICHA HAINA MGONGO. Bado ipo. Kila mteja anayekuletea picha anakuletea nusu ya mtu, na nusu anayoiacha ndiyo inayobeba zipu.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nibadili mawazo, kwa kiasi.

Osmunda alikuwa akitupigia kila Jumapili baada ya misa. Zamani ilikuwa simu ya sauti. "Mzima?" "Mzima, Dada. Nyie?" "Wazima." Mtu anaweza kuwa mzima kwa njia hiyo mpaka siku ya kuzikwa. Kishikwambi kilipokuja, tukaanza kuonana. Nilikiegemeza kwenye cherehani, Otmari akaja na kuweka paji la uso mbele kiasi kwamba Osmunda kwa wiki kadhaa aliongea na kipara. Osmunda mwenyewe alikuwa anajiweka karibu, uso tu, unajaza kioo. Nikadhani ndivyo inavyotumika.

Jumapili moja mkono wake uligonga kitu, picha ikarudi nyuma, nikamwona mpaka kifuani. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha bluu nililomshonea Pasaka. Mshono wa bega wa gauni lile niliuweka mwenyewe, pale mfupa wa bega unapoishia, si kabla wala si baada. Siku ile mshono ulikuwa umeshuka mkononi, karibu na sehemu watu wanapochanjwa.

"Osmunda," nilisema, "umekonda."

"Nimepunguza mwili, Dada. Siku hizi ndiyo mtindo, tunatembea jioni na walimu wenzangu." Akaisogeza picha, ukarudi uso peke yake.

"Unakula?"

"Nakula mpaka naona aibu."

Otmari alimwambia amependeza, anaonekana kama wa mjini. Osmunda alicheka. Kisha akamimina maji kutoka kwenye jagi, akanywa glasi yote, akamimina tena, akanywa. Tukazungumzia mahindi ya shangazi. Akamimina tena.

Mama yetu alipoanza kukonda, kando ya kitanda chake kulikuwa na mtungi. Kazi yangu ilikuwa kuujaza. Niliujaza asubuhi, nikirudi shule nakuta mtupu, naujaza tena. Hakuna aliyetuambia ule ulikuwa ugonjwa gani. Watu walisema amekauka tu, na baadhi walitaja jirani. Otmari alikuwa mdogo, hakumbuki. Osmunda hakuuona mtungi ule, lakini niliwahi kumsimulia, na sasa nilikuwa natazama jagi lake na yeye anajua kwamba nalitazama.

Kumuuliza moja kwa moja nisingepata kitu. Sisi watatu tulikuzwa na mtoto, na mtoto huyo, ambaye ni mimi, hakuwahi kumwambia mtu kwamba ana njaa. Walijifunza kwangu. Nikafanya ninachojua kufanya.

"Osmunda," nilimwambia, "hebu nichungulie hapo mlangoni kwako, mvua inakuja?"

Otmari alinigeukia. "Dada, mvua ya Tunduru unaitakia nini?"

 Osmunda alikuwa ametulia kabisa, nikadhani mtandao umekwama, kwa maana mtandao ukikwama watu huganda hivyo, macho wazi. Haukuwa umekwama. Nyuma yake pazia lilikuwa linacheza. Huyu ni mtoto aliyesikia swali lile kutoka chini ya meza kabla hajajua kusema, akawaona wateja wote wakitembea kwenda mlangoni na kurudi. Alijua swali lile ni la nini kuliko mtu yeyote aliye hai isipokuwa mimi. Angeweza kujibu "Hakuna mvua, Dada" akiwa amekaa, na mimi nisingekuwa na la kufanya.

Aliinuka. Akasukuma kiti, akanipa mgongo, akatembea kwenda mlangoni, polepole, bila kuvuta chochote ndani wala kunyoosha chochote. Gauni lilikuwa linamfuata nyuma kama limetundikwa kwenye msumari. Mifupa ya mgongo niliihesabu kupitia kitenge. Alishika fremu ya mlango, akasimama pale muda mrefu, akitazama nje.

"Hakuna mvua, Dada," alisema bila kugeuka.

"Nakuja," nilimwambia.

Otmari aliuliza nakwenda wapi.

Enzi za Fundi Salum, kwenda Tunduru wakati wa masika ilikuwa safari ya kuagana. Alipeana mikono na baraza zima kama mtu anayekwenda Makka, na alirudi na tope ambalo hatukuwahi kuliona upande huu. Sasa kuna lami. Nilipanda basi asubuhi na magoti yangu, mkasi, sindano na uzi wa bluu, na wakati wa chakula cha mchana nilikuwa mlangoni kwake, mlango ule ule niliouona kwenye kioo. Kishikwambi hakikuwa kimenionyesha kwamba una nyufa.

"Nilijua utakuja," Osmunda alisema. "Nilipoinuka tu nilijua."

"Sasa uliinuka kwa nini?"

"Nilichoka kukaa."

Nilikula korosho. Naye akanywa maji. Baadaye akasema, akitazama jagi: "Mama alianza hivi hivi, Dada. Niliona nikienda hospitali wataniambia ndiyo yale. Nisipokwenda, bado si yale."

"Na ukivaa gauni chakavu bila kujitazama kwenye kioo, bado halijachanika?"

"Usinianze."

"Vaa viatu."

Tulikwenda siku ile ile, nimemshika mkono kama nilivyomshika siku ya kwanza ya shule, tofauti ni kwamba safari hii hakumng'ata mtu. Walimtoa damu kidoleni. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alisema ni sukari, na imepanda sana, na angechelewa kidogo angeletwa amebebwa. Akasema pia kwamba ina dawa, na mtu anaishi nayo akifuata masharti. Osmunda alimwomba arudie sehemu ya mwisho. Alirudia. Akamwomba tena. Yule kijana akarudia kwa subira. Nikamwuliza kama mtungi wa maji kando ya kitanda ungeweza kuwa ugonjwa huo huo. Alisema bila kumwona mgonjwa hawezi kuapa, lakini inafanana. Basi hivyo ndivyo nilivyopata jina, uzeeni, nikiwa nimekaa kwenye benchi la Tunduru. Nililipokea. Halikubadilisha kitu, ila sikutaka tena kusikia habari za jirani.

Dawa yenyewe ni ya sindano, kila siku. Osmunda alisema ni nyembamba kuliko zangu. Nilizikagua. Ni kweli.

Nilikaa naye mpaka alipozoea kujichoma mwenyewe. Kabla sijaondoka aliniletea lile gauni la bluu.

"Nipunguzie, Dada. Wanafunzi wananiita bendera."

Fundi mwingine angelipunguza: akate, ashone, apige pasi. Mimi sikukata. Nililikunja kwa ndani, mabegani na ubavuni, nikalipiga bandi. Nyie mnajua bandi, ila kwa asiyejua, ni ule mshono wa muda, hatua ndefu, bila fundo mwishoni. Ukivuta uzi mmoja unaachia wote. Aliona ninachofanya, akaona hakuna fundo. Alikaa chini sakafuni karibu na miguu yangu, akaanza kuokota pini.

Kwa hiyo, binti, jibu refu ni hili. Nunua ovaloki kwanza, maana kishikwambi hakitakushonea hata kitambaa cha jikoni. Ukipata tena, nunua kishikwambi. Usikiamini kinapokuletea picha za warembo. Kwa hali ya hewa, toka nje. Kitakufaa kwa watu wako walio mbali, kama utakumbuka kuwaambia wainuke watembee kidogo. Uso mtu huupanga kabla hajakupigia. Mgongo hakuna anayeupanga. Na weka akiba kwenye mishono, hiyo haihitaji chaji.

Tangu nirudi, Osmunda anapiga kila Jumapili kama zamani, ila kishikwambi chake sasa anakiweka mbali, juu ya kabati, ili aonekane mzima mzima. Jagi bado lipo. Glasi moja hudumu mpaka tunaagana. Otmari bado anaweka kipara. Kwa miezi kadhaa sikumwambia Osmunda kitu kuhusu gauni, nilikuwa natazama tu.

Jumapili iliyopita alikuwa amelivaa, na alikuwa anajikunakuna kwapani.

"Dada, linanibana."

"Wapi?"

"Mabegani. Na hapa ubavuni. Siwezi kuinua mkono kuandika ubaoni."

"Vuta uzi," nilimwambia.

Aliutafuta kwa kucha, akaupata, akavuta. Uzi wa bluu ulitoka wote bila kukatika, mrefu, akauzungusha kidoleni. Gauni lilishuka, likamkaa. Nilikisogelea kioo, nikamsukuma Otmari pembeni, nikapanua kwa vidole vyangu kama nilivyopanua ile picha ya yule mrembo, lakini hii haikukubali kupanuka, kwa kuwa ilikuwa mtu. Haikuhitajika. Mshono ulikuwa umekaa pale mfupa unapoishia.

  Osmunda, bila kuombwa, alinipa mgongo, akatembea mpaka mlangoni, akachungulia nje, kushoto na kulia, akarudi.

"Kukavu kabisa, Dada," alisema.